Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Maisha ya Ruth Khama

Ndugu mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu Moshi, na asante kwa kukubali kutufungulia maonyesho yetu. Mwaka huu tumemchagua Ruth Williams, mzaliwa wa London, 1923, aliyekuwa karani pale Lloyd's, soko la bima la London. Tarehe 29 Septemba 1948 alifunga ndoa ya bomani na Seretse Khama, mrithi wa uchifu wa Wabamangwato huko Bechuanaland, Botswana ya leo. Walikwenda bomani kwa sababu Askofu wa London alikataa wafunge kanisani mpaka serikali iridhie.

Mgeni rasmi, kisa hiki husimuliwa kama mapenzi matupu. Sisi tunaona uzito wake uko barazani. Kwa mila yao, mrithi haoi bila kabila kushirikishwa. Seretse aliiruka hatua hiyo, na baba yake mdogo Tshekedi, aliyekaimu uchifu tangu 1926, akampinga. Baraza la Serowe, mji mkuu wa Wabamangwato, yaani kgotla, lilikaa Novemba 1948, likakaa tena Desemba, na mara zote mbili mambo yakamwendea Seretse vibaya. Juni 1949 likakaa mara ya tatu. Aliwataka wanaomkataa mkewe wasimame: wakasimama wachache. Akawataka wanaomkubali: wakainuka maelfu. Kilichogeuza upepo si ufasaha wake tu, bali watu walikwisha kushuku kwamba Tshekedi anakitaka kiti mwenyewe. Agosti Ruth akawasili Serowe.

Kwa wenye kabila, shauri lilikuwa limekwisha. Liliharibikia London, kwa Waingereza waliotawala Bechuanaland. Mwaka huohuo Afrika Kusini ilipiga marufuku ndoa za Wazungu na wasio Wazungu, nayo Uingereza ilihitaji dhahabu na urani yake. Tume ya Harragin, iliyoundwa na Waingereza kuchunguza shauri hilo, ilikiri kwamba Seretse anafaa kutawala isipokuwa kwa ndoa ile, ripoti ikafichwa. Mapema 1950 Seretse akaitwa London. Ruth, akiwa mjamzito, alikataa kuondoka, akihofia kwamba akitoka hatarudishwa. Hakukosea: Machi mumewe alizuiwa kurudi kwa miaka 5, na mwaka 1952 zuio likafanywa la kudumu. Tunakuomba usimame kidogo mbele ya bango la kisa hicho, maana hapo unaonekana uamuzi wa Ruth mwenyewe. Jacqueline, binti yao, alizaliwa Mei 1950 mama akiwa bado Bechuanaland.

Walirudi 1956, Seretse akiwa amekubali kuuacha uchifu. Wengi humwita Ruth malkia. Hakuwa malkia kamwe. Nchi ilipopata uhuru, 30 Septemba 1966, alikuwa mke wa Rais, na aliongoza Msalaba Mwekundu wa Botswana. Seretse alifariki Julai 1980, mwaka mmoja baada ya mkutano wa Arusha ulioandaa ushirikiano ambao leo ni SADC. Mjane wake hakurudi Uingereza. Alifia Botswana Mei 2002, akazikwa Serowe kando ya mumewe, kwenye makaburi ya machifu.

Mgeni rasmi, ramani yetu ya ukutani haionyeshi Serowe, na mabango yetu ni ya manila, yanayojikunja msimu wa mvua. Tunaomba ramani moja kubwa ya kusini mwa Afrika na mbao za kubandikia mabango.

Tunaomba kuwasilisha.