Umezoea Tope la Masika? Soma Hili Kabla ya Theluji ya Minnesota

Kila mwaka theluji ya kwanza ikitanda hapa Minneapolis, simu ya gereji yetu haipumziki. Wengi wanaopiga ni watu wetu: Wakenya wa Brooklyn Park, Wakongomani waliofika karibuni, Watanzania wanaoamka alfajiri kwenda zamu za hospitali na maghala. Na hoja tunayoisikia kuliko zote ni hii: "Kaka, mimi nimeendesha Fuso Mbeya hadi Tukuyu masika yote. Kuteleza nakujua. Matairi ya theluji ni ya watu wanaojifunza gari."

Hoja hiyo tunaiheshimu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Dereva aliyelelewa na tope anajua mambo asiyoyajua dereva wa lami tupu. Gari likianza kuteleza analisikia mwilini kabla macho hayajaona. Harukii breki. Anajua kwamba usukani ukikatwa kwa pupa gari halitii. Angalia mashindano ya Safari Rally ya Kenya: Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda mwaka 1972 alikuwa mgeni wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kufanya hivyo. Björn Waldegård wa Sweden alishinda mara nne, na Juha Kankkunen, Mfini mwingine, mara tatu. Mwaka 2022 na 2024 akaja Kalle Rovanperä, naye wa Finland. Ni watu waliokulia kwenye theluji wakaja kutamba kwenye vumbi na tope letu. Ujuzi wa kuendesha kwenye utelezi unasafiri.

Lakini madereva wa mashindano hayo wakitoka Naivasha, Kenya, kwenda Umeå, Sweden, kwa mashindano ya theluji, hawaendi na matairi ya Naivasha. Wanafungiwa matairi membamba yenye mamia ya misumari ya chuma. Bingwa wa dunia hajiamini kiasi cha kuingia kwenye barafu na tairi la kokoto, basi mimi na wewe tunaokwenda kazini tujiamini vipi?

Kinachotakiwa kueleweka ni kwamba dereva hana uwezo wa kuongeza mshiko kati ya tairi na barabara. Mshiko unaletwa na tairi na hali ya barabara. Dereva anautumia tu, vizuri au vibaya. Tuweke hesabu mezani. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, yaani kama maili 31, kwenye lami kavu husimama ndani ya mita 12 hivi tangu breki zishike. Kwenye theluji iliyoshindiliwa linahitaji karibu mita 40. Kwenye barafu tupu linaweza kukaribia mita 100. Hapo hatujahesabu ile sekunde moja ya kushtuka na kuhamisha mguu, ambayo peke yake inakula mita 14. Na ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki zishike unakuwa mara nne.

Sasa chukua magari mawili yanayofanana, kwenye theluji moja, mwendo uleule wa kilomita 50. Tuseme tairi la kwanza linapata mshiko wa 0.3 na la pili 0.2 (namba kubwa ni mshiko zaidi); kwa macho tofauti hiyo haionekani. La kwanza litasimama baada ya mita 33, la pili baada ya mita 49. Pale lile la kwanza lilipokwisha kusimama, la pili bado linapita kwa karibu kilomita 29 kwa saa. Mtu anayevuka barabara mbele ya gari hilo la pili hasaidiwi na miaka yako ya Tukuyu.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Kwanza ni mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kawaida la joto huanza kukakamaa hali ya hewa ikishuka chini ya digrii 7 hivi za Selsiasi, kama ugali uliolala, na kitu kilichokakamaa hakiwezi kujibana kwenye vinyweleo vya barabara. Wastani wa Januari hapa kwetu ni kama digrii 9 chini ya sifuri. Mpira wa tairi la baridi umechanganywa ili ubaki laini hata huko. Ndiyo maana tunawaambia wateja kuwa haya si matairi ya theluji peke yake. Hata siku lami ni kavu na hewa inauma masikio, mpira wake bado unabaki laini.

Pili ni kashata, yaani zile nundu za mpira zinazogusa barabara. Tairi la baridi lina kashata zenye kina, na juu ya kila kashata kuna mipasuo midogo mingi, kama imechanjwa kwa wembe. Tairi linapozunguka mipasuo hiyo hufunguka na kuuma theluji, na theluji inayonasa kwenye mifereji inasaidia pia, kwa kuwa theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira mtupu. Hapa ndipo mtu wa tope hukosea kununua. Anachagua tairi lenye kashata kubwa kubwa za shamba, akiamini lililofaa kule litafaa huku. Kashata kubwa zisizo na mipasuo, za mpira mgumu, hutambaa vizuri kwenye theluji nzito iliyolegea, kisha zikifika kwenye barafu ya makutano ya taa zinateleza bila huruma.

Ukitaka kujua tairi ulilonalo, inama usome ubavuni. Herufi M+S zinaeleza umbo la kashata tu. Kampuni huziandika bila tairi kupita jaribio lolote la theluji. Alama ya kutafuta ni mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Tairi lenye alama hiyo limejaribiwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na kuvuka kiwango. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, M+S peke yake haitambuliwi tena kuwa tairi la baridi. Quebec, jimbo la Kanada, sheria inataka matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Hapa Minnesota hakuna sheria kama hiyo, na matairi ya misumari yamekatazwa kwa wakazi isipokuwa kwa wachache sana, kwa hiyo uamuzi ni wako na mfuko wako.

Mfuko tunauelewa. Kama huendi mbali, unaweza kukaa nyumbani siku ya dhoruba, na huna pa kuweka seti ya pili kwa kuwa unaishi ghorofani, yapo matairi ya mwaka mzima (all-weather) yenye ile alama ya mlima. Hayafikii tairi halisi la baridi kwenye barafu, lakini kwenye theluji yanayashinda matairi ya misimu yote (all-season) yaliyokuja na gari. Tunayauza bila kinyongo. Kitu tunachokataa ni kukufungia matairi mawili ya baridi mbele na kukuacha na mawili ya zamani nyuma. Wateja huomba hivyo kila msimu, hasa wenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, wakiona wameokoa nusu ya bei. Matokeo yake mbele itashika, nyuma haitashika, na kwenye kona ya kwanza ya barafu mkia utakupita. Ni manne au hakuna.

Tuna ugomvi wa kirafiki pia na wenye magari yanayovutwa na magurudumu yote manne. Mfumo huo unagawa nguvu ya injini, kwa hiyo unakusaidia kuondoka kwenye taa na kupanda mlima. Katika kusimama hausaidii chochote, kwa sababu kila gari, hata lile dogo la bei rahisi, lina breki kwenye magurudumu manne. Hatari yake ni kwamba unaondoka kwa urahisi mno hadi unasahau jinsi barabara ilivyo. Siku ya dhoruba tazama mitaroni kando ya barabara kuu ya 94, utaona magari hayo hayakosekani.

Tukirudi kwa dereva wetu wa masika: baadhi ya tabia za tope inabidi aziache. Kwenye tope ukikwama unakanyaga mafuta, gurudumu linachimba mpaka likute udongo mgumu, unatoka. Kwenye theluji gurudumu likizunguka palepale linasugua theluji kuwa kioo, na kila sekunde unajifunga zaidi. Shuka, ondoa theluji kwa koleo mbele ya magurudumu, mwaga mchanga kidogo, kisha ondoka polepole kwa mguu mwepesi. Kabla ya yote angalia bomba la moshi. Likizibwa na theluji injini ikiwa inanguruma, hewa ya sumu isiyo na harufu inaingia ndani ya gari, na watu wamekufa hivyo wakiwa wamejifungia wapate joto. Tunaomba sana hili umwambie kila mtu wa nyumbani kwako.

Tabia nyingine ni kupunguza upepo. Kwenye mchanga wa jangwani, waliowahi kuendesha Oman wanajua, unapunguza upepo ili tairi litambae. Kwenye barabara za hapa usifanye hivyo. Upepo unapungua wenyewe kwa baridi, karibu psi 1 kwa kila digrii 5 au 6 za Selsiasi. Tairi uliloliweka sawa ndani ya gereji yenye digrii 20 litakuwa limepoteza kama psi 7 asubuhi ya digrii 20 chini ya sifuri. Pima gari likiwa limelala nje usiku kucha, na ufuate namba za kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye tairi ni ukomo wa tairi, si kipimo cha gari lako.

Katika kuendesha kwenyewe, tairi lina mshiko wa kugawana kati ya kazi tatu: kusimamisha gari, kulikata kona na kulivuta. Kwenye barafu mshiko huo ni mdogo mno kufanya kazi mbili kwa pamoja. Funga breki wakati gari bado limenyooka, achia, kata kona, kisha ndipo uguse mafuta. Ukiona umekata usukani na gari linaendelea mbele tu, usiongeze kukata. Achia mafuta, rudisha usukani kidogo, subiri mpira ushike. Mkia ukitupa, tazama unakotaka kwenda, peleka usukani upande ambao mkia unaelekea, na miguu yako itulie. Magari ya abiria yaliyouzwa mapya Marekani kuanzia modeli ya 2012 yana mfumo wa kuzuia gari lisizunguke, nao unafanya kazi vizuri zaidi usipopigana nao.

Kila Desemba tunaletewa magari ambayo "breki zimeharibika, zinatetemeka na kukwaruza." Mara nyingi hazina tatizo. Ni mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge (ABS), unaachia na kushika breki mara nyingi kwa sekunde ili uendelee kuliongoza gari kwa usukani. Ukisikia mtetemo huo, endelea kukandamiza. Aliyefundishwa zamani kupampu breki kwa mguu aliache jambo hilo kwa gari lenye mfumo huu, kwani akiachia anaukata kazi.

Acha nafasi. Kama kwenye lami kavu unamfuata mwenzio kwa sekunde 3, kwenye theluji fanya 6 au zaidi. Hesabu tangu apite nguzo hadi wewe uifikie. Zima mfumo wa gari kushika mwendo lenyewe (cruise control). Madaraja hapa ni mengi, maana Mississippi umetupitia katikati, na daraja huganda kabla ya barabara kwa sababu baridi inalipiga juu na chini. Uwe mwangalifu zaidi hali ya hewa ikicheza karibu na sifuri, wakati barafu ina utando wa maji juu yake. Hapo inateleza kuliko siku ya baridi kali. Siku hiyo ya baridi kali nayo ina lake: chini ya digrii 9 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inayomwagwa barabarani hupoteza nguvu ya kuyeyusha, kwa hiyo kuona chumvi kusikupe moyo.

Finland na Norway, mafunzo ya leseni yanamtaka mwanafunzi ajifunze kuendesha kwenye utelezi. Hapa hutalazimishwa. Theluji ya kwanza ikianguka, tafuta Jumapili asubuhi uwanja wa maegesho ulio mtupu, usio na nguzo, ukiwa na ruhusa ya kuutumia. Nenda mwendo wa maili 15, kandamiza breki kwa nguvu, usikie mtetemo, uone gari linaishia wapi. Dereva wa tope atashangaa mikono yake inavyoikumbuka kazi haraka.

Kwa wanaotaka kubadilisha, njooni kuanzia katikati ya Oktoba, kabla foleni haijaanza. Tutapima kina cha kashata: sheria inaishia inchi 2/32, lakini kwa theluji chini ya 5/32 tutakushauri ununue mengine, na vipara hatufungi hata ukisaini karatasi. Tutakusomea tarehe ya kutengenezwa, zile tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni; 3521 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2021. Ukiweza, nunua ringi za pili za chuma, maana kuling'oa tairi kwenye ringi kila msimu kunalichosha na kunakugharimu fundi. Matairi ya joto tunayahifadhi kwetu hadi Aprili, yameandikwa jina lako na mahali kila moja lilipokuwa. Ukishatembea kati ya maili 50 na 100 tangu tulipokufungia, pita tena tukaze nati, bila malipo na bila kupanga foleni.