Tusingojee Nyiragongo ndio tusaidiane

Bwana muhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu kwa jambo la wema mudogo wa kila siku, ambalo watu hawaliongeleagi sana juu eti ni dogo, na mimi naona si dogo hata kidogo.

Sisi watu wa Goma tunajua kusaidiana, hilo hakuna mwenye atabisha. Mwaka 2002, tarehe 17 mwezi wa kwanza, lava ya Nyiragongo, volkano yetu, ilipita katikati ya muji mpaka ikaingia ziwani, watu wakakimbia hawana kitu. Tena 2021, tarehe 22 mwezi wa tano, jumamosi jioni, mbingu ikawa nyekundu, na siku chache baadaye tukaambiwa kartie (mitaa) 10 zihame, barabara ya kwenda Sake ikajaa watu wenye magodoro kichwani na watoto mugongoni. Nani alitupokea kule? Ni wenyeji, mama asiyekujua hata jina anakufungulia nyumba, anakuongezea ugali kwenye sahani ya watoto wake, anakuambia laleni hapa, kesho tutaona. Mambo ile iko kwenye roho yangu mpaka leo.

Sasa nauliza, kwa nini moyo ule ungojee volkano? Siku za kawaida tunaupelekaga wapi?

Angalieni kwenye robine (bomba za maji) za kartie asubuhi sana. Bidoni (madumu) za njano ziko mustari, mutoto wa miaka minane ametumwa na mama yake achote kabla ya kwenda masomo, mara mukubwa anafika, anasogeza bidoni ya mutoto pembeni na mguu, anaweka yake, na sisi wote tunaangalia tu. Mutoto hawezi kusema kitu, ataongea nini mbele ya mutu mukubwa? Lakini siku moja niliona mama mumoja akasema kwa upole kabisa, bila kugombana, « papa, tumuachie huyu mutoto, masomo inakaribia », na yule papa akaondoa bidoni yake bila neno, alafu wenye walikuwa nyuma wakampitisha na muzee mumoja wa fimbo aliyekuwa amesimama pale tangu giza. Neno moja tu la mama lilibadilisha mustari wote, na halikumugarimu kitu.

Au tuongelee hawa vijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Pale rond-point tumewawekea sanamu ya rangi ya zahabu, na ni haki yao kabisa, ni wao wanalishaga huu muji, makabichi na viazi vya Kibumba, makala (mkaa), mbao, maji, yote inapita kwa mikono yao. Lakini yule mwenyewe wa damu na nyama akiwa anapandisha mulima kutoka ziwani tunampigia honi atoke njiani! Bidoni moja ni litre 20, akipakia kumi tayari ni kilo 200, na chukudu haina moteri, ni mbao tu na kipande cha mupira kwenye gurudumu. Ukiwa unapanda njia ile ile na mikono yako iko mitupu, mwambie « yaya (kaka), nikusaidie? » kisha usukume naye mpaka pale barabara inalala. Usisukume bidoni za juu, zimefungwa na mipira zinaweza kuteleza, shika mbao yenyewe kwa nyuma. Ni dakika ngapi hizo?

Najua wengi watasema maisha ni magumu, vita imetumaliza, tangu 2025 banki zilipofunga milango makuta (pesa) haionekani, mutu atoe nini. Naelewa sana, na mimi niko humu humu muji. Ndio maana siongelei makuta. Mwenye ako na pano ya jua (sola) anaweza kumushajia simu jirani mujane asilipe. Dereva anaweza kupunguza mwendo wakati wa mvua watoto wasirushiwe matope kwenye shati nyeupe za masomo. Kuuliza hali ya mugonjwa wa nyumba ya pili tu, mutu anashinda siku nzima hajaongea na mutu, unafikiri ni kitu kidogo?

Kitu kimoja kinanichoma hapa, nikiseme wazi: hii ya kumupa mama mukimbizi kilo mbili za unga alafu unamupiga picha uso wote unaonekana unaweka kwenye status ya WhatsApp. Yule mama ana watoto, ana wakwe, ana heshima yake kule alitoka, alikuwa na shamba lake na yeye mwenyewe alikuwa anawapaga wengine. Tafazali, wakati wa kutoa simu ibaki mufukoni.

Bwana muhariri, kama inawezekana mufungue kakona kadogo kwenye gazeti, kila wiki wasomaji waandike wema waliofanyiwa na mutu wasiyemujua, mistari mitano inatosha, bila picha. Ya kwanza nitaituma mimi, ni ya motari (dereva wa pikipiki) mumoja wa kartie Ndosho, mufuko wa dawa za mama yangu ulikuwa umeanguka njiani, akaurudilia, akaulizauliza nyumba kwa nyumba mpaka akafika kwetu, na akakataa hata franka za karbura (mafuta ya pikipiki).

Aksanti.

Musomaji wenu wa kartie Katindo, Goma