Kabla ya kununua miche, angalieni visiki

Mhariri,

Masika yakianza, huku Moshi na Arusha miche hupandwa kwa mbwembwe, picha zikapigwa na idadi ikatangazwa. Kiangazi cha pili hakuna anayerudi kuhesabu iliyopona. Ilhali huko tambarare, kichaka kinachotafunwa na mbuzi mara nyingi ni kisiki hai, mizizi yake imeshafika kwenye unyevu. Mche wa kwenye kiriba hauwezi kushindana nacho.

Kinachohitajika ni panga kali. Chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, mengine ondoa. Yaliyobaki yapogolee matawi kuanzia chini hadi nusu ya kimo, usizidishe: shina jembamba lenye kichwa kizito huvunjwa na upepo. Kata kutoka chini kwenda juu, gome lisichanike. Funga kitambaa ili wachungaji wajue kisiki kina mwenyewe. Kisha rudi kila baada ya miezi michache kuondoa machipukizi mapya. Hapa ndipo wengi huzembea, na kisiki hugeuka kichaka tena.

Njia hii haikuzaliwa maabara. Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, aliisambaza Niger kuanzia 1983, baada ya miche mingi kumfia. Picha za setilaiti zilizoonyesha takribani hekta milioni 5 zenye miti zilikuja miaka mingi baadaye. Hata ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa ili nyasi na miti vijirudishe, Wasukuma walikuwa nazo kabla ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kuanza mwaka 1986.

Lakini uzoefu bila vipimo nao hupotosha. Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kilianza kurudisha mbuga ya nyasi kwenye shamba la zamani katika miaka ya 1930. Vibarua walipanda sana, nyasi za kigeni hazikuondoka. Miaka ya 1940 John Curtis, mtaalamu wa mimea wa chuo hicho, alichoma vipande kadhaa na kuacha vingine bila kuchomwa. Kwa kulinganisha, ikaonekana kuwa moto huzidhoofisha nyasi zile. (Asitokee mtu wa kuchoma msitu wa Kilimanjaro kwa kisingizio cha barua hii, mbuga ya nyasi si msitu wa mlimani.)

Kwetu kinachokosekana ni hicho kipande cha kulinganishia. Kila kijiji kipime vipande viwili vya mita 20 kwa 20, vyote vizuiwe mifugo, kimoja kipogolewe na kingine kiachwe. Wanafunzi wa Chuo cha Misitu Olmotonyi wahesabu mashina na kupima vimo kila mwisho wa kiangazi. Miche ipelekwe kwenye mashamba yaliyolimwa kwa trekta miaka mingi, maana huko visiki vimeshang'olewa.

Mdau wa misitu,
Moshi