Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Yai Linapokwama

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na uchaguzi wa kamati una ajenda yake. Nafasi yangu naitumia karibu yote kwa jambo lililotuuma zaidi mwaka huu: ndege wetu majike kufa na yai tumboni.

Kasuku mdogo hutaga yai moja kila baada ya siku mbili hivi. Njiwa hutaga mawili, la pili likifuata baada ya takribani saa 44. Asiyeandika tarehe hajui yai limechelewa. Likichelewa, mtazame jike: ameshuka sakafuni mwa tundu, manyoya kayatutumua, miguu kaitanua, mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Kinyesi hakitoki, au kinatoka bonge kubwa. Wengi wetu hudhani anaatamia. Akishindwa kukishika kijiti kwa mguu mmoja, yai limeshabana neva za mguu huo.

Mtie kwenye boksi dogo lenye giza, mbali na upepo wa Ziwa Victoria. Upande mmoja weka chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, upande wa pili uache bila joto ili asogee akizidiwa. Kipimajoto kisome nyuzi 29 hadi 32. Weka pia kitambaa kibichi ndani, hewa iwe na unyevu, na maji ya kunywa karibu na mdomo. Usimmiminie dawa mdomoni akiwa anahema. Itaingia kwenye njia ya hewa.

Na tafadhali, msimkamue. Ganda likipasukia ndani huchana mrija wa mayai, na ndege hana kiwambo cha kifua kama sisi: ukimbana tumbo unamnyima pumzi. Mafuta ya kula ya kumpaka pale yai linapotokea nayo hayasaidii. Yai huwa limekaa juu zaidi, mafuta hayalifikii, yanaishia kulowesha manyoya na kumpoza.

Saa mbili au tatu zikipita bila yai, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kama mguu umelegea au anahema mdomo wazi, usisubiri hata hizo. Mwili wa gramu 40 hauna akiba. Daktari anaweza kumchoma kalsiamu na kumwongezea maji, na ikibidi akalifyonza yai kwa sindano. Nyama nyekundu ikitokeza nje pale yai linapotokea, ilowanishe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa robo lita, na uondoke muda huohuo.

Chanzo mara nyingi kimo kwenye kopo la chakula. Mtama, uwele na alizeti vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ndiyo inayojenga ganda, na ndiyo inayoiwezesha misuli ya mrija kusukuma. Ikipungua, yai huwa laini na msukumo hafifu kwa wakati mmoja. Maganda ya mayai yaliyochemshwa dakika kumi, yakakaushwa na kusagwa, yanatosha kuanzia. Dagaa wa soko la samaki la Mwaloni wanafaa wakisagwa, ila wasiwe wa chumvi. Mchicha usiutegemee, kwa kuwa asidi iliyomo huifunga kalsiamu. Bora majani ya mlonge au sukuma wiki. Tundu litoke nje lipate jua la asubuhi, lenye kivuli upande mmoja. Jua la kupitia kioo cha dirisha halimpi ndege vitamini D.

Jambo tunalolipuuza ni taa. Mwanza mchana haubadiliki sana mwaka mzima, hivyo hakuna msimu wa kumpumzisha jike. Ukimwachia taa ya sebuleni hadi saa tano usiku, chakula tele na kiota wazi, ataendelea kutaga mpaka mifupa yake iishiwe. Lifunikeni tundu saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Baada ya matago mawili, yaani mikupuo miwili ya mayai, kwa mwaka, ondoeni sanduku la kutagia. Mayai yasiyotakiwa msiyaokote moja moja, maana atayafidia kwa kutaga mengine. Mwacheni ayaatamie hadi achoke.

Wenye kasuku wa Fischer, ambao pori lao ni hili letu la kusini mwa ziwa, wahakikishe vibali vyao viko sawa.

Kamati inapendekeza kila mwanachama awe na boksi la joto na kipimajoto kabla ya kurudisha masanduku ya kutagia. Njooni mkutanoni na daftari zenu za mayai. Katibu atazipitia moja moja.

Mwenyekiti