Geuza orodha yako kabla hujaanza: barua kwa swahiba mwenye Datsun 510

Swahiba,

Barua yako nimeipata, pamoja na orodha ya vipuri vya kuigeuza 510 yako kuwa gari la mbio. Orodha ni nzuri ila imesimama kichwa chini miguu juu: kemshafti kwanza, kabureta mbili za Weber za pili, pistoni za tatu, halafu mwisho kabisa, kwa maneno mawili, "kutoa kutu". Geuza. Injini ya L16 ikikosewa unaishusha na kuirudia. Keji, yaani fremu ya mabomba ya kumlinda dereva gari likipinduka, ikishachomelewa upande, huitoi bila kubomoa gari.

Na kabla ya kushika grainda, amua unaiga gari lipi. Datsun 1600 SSS iliyoshinda East African Safari Rally mwaka 1970, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na zile 510 za timu ya Kimarekani ya BRE zilizompa John Morton ubingwa wa mbio za Trans-Am wa magari ya chini ya lita 2.5 mwaka 1971 na 1972, zimezaliwa na bodi moja lakini hazipatani kwa lolote. Moja imeinuliwa ipite kwenye matope na mashimo, nyingine imeshushwa mpaka karibu ilambe lami. Wewe umeandika "mzunguko wa lami" mahali pamoja na "shokapu ndefu" mahali pengine. Chagua. Halafu pata kanuni za mashindano unayotaka kuingia, na kama ni ya magari ya kihistoria soma Kiambatisho K cha FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari: hapo wanataka kipuri kilichotumika kwenye gari hilo katika enzi yake, si kilicho bora leo. Breki za disku nyuma au giaboksi ya kisasa inaweza kukukwamisha kwenye ukaguzi hata kama gari linakimbia vizuri.

Sasa bodi. Toa kila kitu, mpaka zulia la lami lililobandikwa sakafuni. Lami hiyo ikipozwa kwa barafu kavu hupasuka na kubanduka vipande vipande. Ukiitia moto itakung'ang'ania mikononi wiki nzima. Kisha pita na nyundo ndogo: chini ya pedali, vizingiti vya milango kwa urefu wote, shimo la tairi la akiba, na pale juu shokapu za mbele zinapofungwa. Bati zima hulia, lililooza huguna. Usiogope kukata mpaka ufike kwenye bati zima, kwa sababu kiraka kilichochomelewa juu ya kutu kinashika rangi tu.

Weka bodi juu ya stendi nne zilizopimwa kwa pima maji, na chukua vipimo vya pembe kwa pembe kutoka matundu ya kiwandani chini ya sakafu. Viandike ukutani. Ukianza kuchomelea mishono kuongeza ugumu, fanya vipande vya milimita 25, ruka 50, kisha hamia upande mwingine kabisa wa gari wakati huku kunapoa. Milango iwe imefungwa mahali pake muda wote. Mwanya wa mlango ndio utakaokwambia mapema kwamba bodi inajikunja. Na kwangua ile gundi ya kuzibia mishono mpaka chuma king'ae. Ikibaki, inaungua ndani ya weldi, na utaona weldi inatokwa na vitundu kama sponji. Weldi ya namna hiyo usiifunike na puti. Saga, rudia.

Keji haianzii kwenye bomba, inaanzia kwenye kiti. Funga kiti, usukani na pedali kwanza, kaa ndani ukiwa umevaa helmeti na mikanda, mtu akusukume kichwa pande zote uone kinafika wapi. Hapo ndipo bomba halitakiwi kuwepo. Kwa vipimo, kifungu cha 253 cha Kiambatisho J cha FIA kinataka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lililovutwa baridi: tao kuu la milimita 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2.0, na mabomba mengine ya 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Miguu ya kufunga kwa bolti ikae juu ya bamba la unene wa milimita 3 au zaidi, lenye eneo lisilopungua sentimita 120 za mraba, bolti tatu za M8 daraja 8.8 kwa kila mguu. Ukaguzi wa mashindano yako unaweza kudai zaidi ya hapo, kwa hiyo kanuni zao ndizo zenye neno la mwisho. Bomba la maji au la fremu za madirisha lenye mshono lisikanyage gari hili.

Weldi za juu ya tao, karibu na paa, ndizo zinazowashinda wengi, kwa kuwa mkono haufiki. Njia ni kutoboa matundu kwenye sakafu chini ya miguu, keji ishuke kupitia hapo, uchomelee juu pande zote, kisha uinyanyue na kuziba matundu kwa yale mabamba. Ukiona weldi ya nusu duara juu ya tao la mtu, ujue alikuwa na haraka.

Bodi ikiwa bado chuma kitupu, lijenge gari lote bila rangi. Injini, giaboksi, tangi, mabomba ya breki, egzosti, nyaya, hata kioo cha pembeni. Toboa kila tundu, chomelea kila kishikizo. Kisha vunja yote, ndipo upake rangi. Kuchomelea kishikizo cha betri kwenye rangi mpya ni kosa la kitoto, na linafanywa kila siku.

Kwenye mahangio, yaani springi, shokapu na mikono yake, ndipo uliponiuliza kwa nini 510 zilizoshushwa kwa kukata springi zinaruka ovyo. Sababu ziko mbili. Kwanza, shokapu ya mbele inabaki na urefu wake wa zamani, kwa hiyo ukishusha gari milimita 50 umeshamaliza safari yake ya kwenda chini. Inagonga mwisho kwenye kila tuta, na gari linakuwa halina springi kabisa. Dawa ni kufupisha bomba la shokapu kwa kiasi kilekile na kuweka kiini kifupi ndani, yaani ile shokapu yenyewe inayokaa ndani ya bomba. Kata, ingiza kipande cha bomba kwa nje kama mkono wa shati, chomelea, kisha saga weldi iliyochungulia ndani mpaka kiini kiteleze bila kulazimishwa. Mimina mafuta kidogo kati ya kiini na bomba, yanabeba joto kulipeleka nje.

Pili, mkono wa chini. Kiwandani unalala karibu sawa na ardhi. Gari likishuka, ncha yake ya upande wa gurudumu inakuwa juu kuliko ya ndani, gari linalala zaidi kwenye kona kuliko kabla hujalishusha, na tairodi, ile rodi ya usukani, inaanza kuvuta gurudumu kila linapopanda. Weka kipande cha chuma cha milimita 20 hadi 25 kati ya chini ya shokapu na mkono wa usukani, na bolti ndefu zaidi za daraja lilelile. Kisha upime: toa springi, funga bamba bapa kwenye habu, weka daili geji mbili dhidi ya bamba, moja mbele na moja nyuma, nyanyua gurudumu kwa jeki milimita 10 kwa 10. Tofauti ya geji ndiyo gurudumu linavyojipinda lenyewe. Punguza kwa kubadilisha kimo cha ncha ya tairodi mpaka sindano zitembee pamoja kwenye milimita 30 za kati. Kazi hii inakula siku nzima, na hakuna kipuri cha kununua kitakachokupa tofauti kubwa hivyo kwenye kona.

Nyuma, mikono ya 510 imefungwa kwa mshazari, kwa hiyo kushusha gari kunalaza magurudumu kwa ndani na kubadilisha mwelekeo wake kwa pamoja, na kiwanda hakikuweka pa kurekebisha. Chomelea vishikizo vyenye tundu refu kwenye mwamba wa nyuma. Kabla ya hapo, wili alaimenti ni kupoteza muda.

Breki: mabomba mapya yote, mipira mipya yote, mafuta ya DOT 4 ya kiwango cha mbio. Ya silikoni yaache; yakishika joto pedali inakuwa laini kama godoro.

Haya, injini, najua ndiyo uliyokuwa ukiisubiri. Kwa kipenyo cha silinda na safari ya pistoni, L16 yako ni milimita 83 kwa 73.7, na ndugu zake, L18 ni 85 kwa 78, L20B ni 85 kwa 86. Kama kanuni zinaruhusu kukua, L18 ina bloku ya kimo kilekile na inaingia bila ugomvi. L20B bloku yake ni ndefu kwa kama milimita 20: cheni nyingine, mfuniko wa mbele mwingine, na Weber zinaanza kugombania nafasi na boneti. Mimi ningebaki na L18.

Beringi za krenki zipe nafasi ya milimita 0.05 hadi 0.06. Mwanya wa ringi ya juu, kwa silinda ya 85, uwe karibu na milimita 0.40, ukibana zaidi ya hapo, joto linazikutanisha ncha na ringi inararua ukuta wa silinda. Bolti za konrodi mpya, bila mjadala. Krenki, flaiwili, puli na sahani ya klachi vipimwe mizani pamoja.

Sasa kemshafti yako kali. Kwenye injini hizi kemu inasukuma roka, roka inabonyeza kisahani kidogo cha chuma kilichokaa juu ya ncha ya valvu. Kemu iliyosagwa upya ina mgongo mwembamba zaidi, kwa hiyo visahani vya zamani havifai tena: roka inakaa kwa pembe nyingine, na kemu inaisugua pembezoni badala ya katikati. Ndani ya saa chache za mbio, ncha ya kemu imeliwa. Pima hivi. Paka uso wa roka wino wa kalamu nene, rekebisha nafasi ya valvu kwa skrubu ya roka na nati yake, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili, kisha toa roka uangalie. Alama iliyofutika iwe katikati, ikibakiza wino usioguswa kwenye ncha zote mbili. Ikitoka ukingoni, badilisha unene wa kisahani na urudie. Mara nane, valvu kwa valvu. Mwenye kuuza kemu akikwambia "itaingia tu", mwache na kemu yake.

Ukiwa hapo, weka udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi na gaskiti, zungusha, fungua, kata udongo kwa wembe upime: milimita 2 kwa valvu ya kuingiza, 2.5 kwa ya kutoa, isipungue. Pima pia springi ikiwa imebanwa kabisa: ibaki angalau milimita moja kabla ya koili kugusana.

Mambo mawili yanayowaliza watu kwenye injini hizi za L. La kwanza: ukitoa gia ya kemu bila kupachika kabari ya mti kati ya nyuzi mbili za cheni, kikaza cheni kinachomoka kule chini, na utafungua mfuniko wote wa mbele kukirudisha. La pili: spindo inayoendesha pampu ya oili ndiyo inayozungusha distribyuta. Pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa kwenye mbano, ulimi wa spindo ukitazamwa kutoka juu usome kama saa tano na dakika 25, upande mwembamba ukielekea mbele. Ikikosea jino moja, taimingi haitapatikana hata ukigeuza distribyuta mpaka mwisho wake.

Weber, anza na hesabu ya kawaida: choki (kipenyo cha koo la kabureta kwa milimita) mara 4 ni jeti kuu, ongeza 50 upate jeti ya hewa. Choki ya 33 inakupa jeti ya 130 au 135, hewa ya 180. Presha ya petroli isizidi bar 0.25, maana vali ya sindano haiwezi kuizuia na kabureta inafurika. Nati za kuifunga kabureta zinakaa juu ya washa za springi. Usizikaze mpaka zilale. Kabureta inatakiwa icheze kidogo juu ya mpira wake, la sivyo mtikisiko unatia petroli povu.

Swichi kuu ya umeme iwe ya aina inayokata na mzunguko wa kuwashia. Ile ya kukata betri pekee inaacha altaneta ikiendelea kulisha koili, na injini inanguruma huku mkaguzi anakutazama.

Siku ya kuwasha, toa plagi zote, zungusha kwa stata mpaka geji ya oili ipande, ndipo urudishe plagi. Ikiwaka, usiiache ichechemee: ipeleke mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 ili kemu na roka zilainishane, oili iwe yenye zinki ya kutosha. Ikizidi joto, zima, subiri, endelea.

Nitumie vipimo vya pembe kwa pembe vya bodi kabla hujawasha mashine ya kuchomelea, na picha ya alama za wino kwenye roka zote nane. Kemu usiiagize mpaka nizione kanuni za hayo mashindano.

Wako,
fundi mwenzako