Kabla Hujaenda Goma

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeupata, kwamba gazeti limekubali uende Goma. Babako hajasema kitu, ila tangu juzi habanduki kwenye redio. Mimi sikukatazi. Nina neno moja tu, nalo linahusu watu ambao huwapati sana katika vile vitabu vya waandishi wa vita ulivyojaza chumbani.

Mohamed Amin, mpiga picha, unamjua. Kuna mwanahabari gani wa Kenya asiyemjua? Alianzisha shirika lake la picha, Camerapix, huko Dar es Salaam mwaka 1963, na picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, ziliishtua dunia. Juni 1991, siku chache baada ya serikali ya Mengistu kuanguka, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, naye akapoteza mkono wa kushoto. Hadithi ya mkono ule imesimuliwa mpaka imezoeleka. Mlipuko huohuo ulimuua John Mathai, fundi sauti wake, na yeye mara nyingi hutajwa kwa nusu sentensi, basi, tunaendelea na mkono.

Na hebu ifikirie kazi yenyewe. Fundi sauti wa enzi zile alikuwa ameunganishwa na kamera kwa waya. Macho yako kwenye mita, masikio yamezibwa na hedifoni. Mpiga picha akisogea mbele hatua mbili, naye husogea, atake asitake. Pa kusimama hachagui yeye.

Kisha Mogadishu, 12 Julai 1993. Helikopta za Marekani zilishambulia nyumba walimokutana wazee na wafuasi wa Jenerali Aidid, mbabe wa vita wa Somalia. Wanahabari wakaenda kuona kilichotokea, na umati uliokuwa umetoka kuona maiti za watu wake ukawageukia. Waliuawa wanne: Dan Eldon, Hos Maina na Anthony Macharia wa Reuters, na Hansi Krauss wa AP. Dan, kijana wa miaka 22 aliyekulia Nairobi, aliacha madaftari ya michoro na picha. Yakatoka vitabu, ikatoka na filamu. Simwonei choyo hata kidogo. Macharia naye alikuwa wa sauti. Kitabu chake mimi sijakiona.

Naona kasoro ya vitabu vyako vya waandishi wa vita ni hapo: anayeandika ni yule mwenye tiketi ya kurudi. Sisemi ni waongo, na wapo ambao hawakurudi. Mwanahabari Marie Colvin aliuawa Homs, Syria, mwaka 2012. Lakini mtu anayeshika usukani, anayejua kizuizi kipi kina askari walevi na kipi kinapitika asubuhi tu, huingia kitabuni kama "dereva wetu". Wazee wetu wa pwani ya Mrima waliwashinda waandishi hao kwa hilo. Hemedi bin Abdallah alipotunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, aliujaza majina ya watu.

Goma utafika na Kiswahili chako, utazungumza na watu mwenyewe, na ndipo utakapojiona huhitaji mwenyeji. Utamhitaji. Na tangu waasi wa M23 waingie mjini Januari 2025, huyo mwenyeji wa kuwaongoza, fiksa wenu mnavyomwita, ukishapanda ndege, yeye amebaki na majirani waliomwona akitembea nawe. Basi jina lake usilitie gazetini hujamuuliza. Akikataa, yaishe, usimbembeleze. Akikubali, liandike kamili, la kwake na la babake, na liwe juu pale lilipo lako.

Pesa yake mpe mkononi kabla hujaondoka. Hizo habari za "ofisi itatuma" nazijua mimi.

Na leo hii, kabla hujafunga mkoba, muulize mhariri wako: dereva wa Goma amekatiwa bima, au ni wewe peke yako? Akikujibu "tutaona", mwambie safari imevunjika, mama amekataza. Mimi sioni haya kusingiziwa.

Mamako