Samli nakutumia, vidonge usiviache

Kongwa, Dodoma
14 Juni 2025

Mpendwa Mama Rehema,

Salamu nyingi kutoka Kongwa. Sisi wazima, ila upepo wa kipupwe umeshaanza na asubuhi wanafunzi wanaingia darasani wamejitanda kanga za mama zao. Uwele haukutupa sana mwaka huu. Alizeti ndiyo imetufuta machozi, na mashine ya kukamua hapa mtaani inalia tangu alfajiri hadi giza. Shikamoo yangu mfikishie mama.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimefurahi kwa dhati kusikia sukari imeshuka kutoka 14 hadi 7 ndani ya miezi miwili, na kwamba sasa unapanda ngazi za shule bila kusimama katikati. Uliposema umeacha ugali, wali na chapati, unakula nyama, mayai, mboga kidogo na samli, hapo sikushtuka. Nilishtuka pale uliposema huyo mwalimu wa lishe mnayemfuata kwenye simu amewaambia vidonge ni sumu, na kwamba ukimaliza vilivyobaki hununui vingine, vya sukari wala vya presha. Ningekupigia, lakini haya yanataka kusomwa taratibu, na urudie kusoma usiku ukiwa peke yako.

Kwanza nikuondoe wasiwasi: sikuandikii kukugombeza kwa ajili ya nyama. Mimi mtoto wa Mgogo mfugaji, nyama na maziwa ndivyo vilivyonisomesha. Ada ya shule ya Mpwapwa, tulipokuwa tunalala kitanda cha juu na cha chini, ilitoka kwenye mitamba miwili ya baba. Lakini unasema wanawafundisha kwamba babu zetu walikula nyama na mafuta tu, ndiyo maana hawakujua presha wala sukari. Mwenzangu, nilikuwepo. Ngoja nikueleze tulichokula.

Tulikula ugali wa uwele. Asubuhi uji wa uwele, mchana ugali na mlenda, usiku ugali na mlenda au mboga kavu iliyoungwa karanga. Maziwa yalikuwepo masika, ng'ombe wakiwa na majani. Kiangazi ndama ndiye aliyepewa kwanza. Mama aliyasuka maziwa kwenye kibuyu akiwa amekaa mlangoni, kibuyu mapajani, mbele nyuma, mbele nyuma, hadi siagi ijikusanye, kisha akaichemsha kwenye chungu ikawa samli. Ile samli ilikuwa ya kuhesabu. Kijiko kwenye mboga ya baba, kijiko kwenye uji wa mtoto aliyeachishwa ziwa. Mafuta ya mkia wa kondoo yalitunzwa kwa mzazi; nilipojifungua Daudi mama alinichemshia supu ya kondoo siku saba, na nikupe ukweli, sijawahi kujisikia mwenye nguvu kama wiki ile. Nyama yenyewe tulipata ng'ombe akivunjika mguu, au harusi, au Krismasi, au mgeni wa heshima. Mara mbili kwa mwezi ukiwa na bahati. Ng'ombe hakuwa kitoweo, alikuwa benki.

Na baba alitembea. Kwenda malishoni, kisimani, mnadani, kurudi. Alikufa ana miaka themanini na kitu, mwembamba kama fimbo yake, na mara ya mwisho nesi kumpima presha ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Sasa mtazame kaka Elia. Baba mmoja, mama mmoja, zizi moja. Alipopata leseni akawa dereva wa lori la mahindi, Kibaigwa kwenda Dar, Dar kurudi Kibaigwa. Alikaa kwenye usukani saa kumi na mbili kwa siku. Kila kituo alikula nyama, kwa sababu sasa hela ilikuwepo: makongoro asubuhi, chipsi mayai mchana, nyama choma usiku na chumvi ya kuchovya, soda mbili tatu, sigara ya kufukuza usingizi. Akapimwa, presha 180 juu. Akapewa vidonge. Akavitumia miezi minne, akajisikia mzima, halafu muuza dawa mmoja wa kuzunguka akamshawishi kwamba vidonge vitamwua figo, achukue unga wake wa miti. Miaka 49, Mama Rehema. Alianguka chooni alfajiri. Leo mkono wa kulia haunyanyuki, na anaponiita jina langu linatoka nusu. Mimi ndiye ninayemkatia nyama sahani yake ikija.

Siwezi kukuambia ni nyama iliyomwangusha, wala siwezi kuapa kwamba ni sigara au chumvi au kukaa. Najua kwamba presha ilikuwa na dawa, na dawa iliachwa. Ukinielewa hapo tu, mengine ya barua hii unaweza kuyaruka.

Lakini wewe ni mwalimu mwenzangu, hutaki kuambiwa amini tu. Nikupe ninayowafundisha watoto wangu wa baiolojia, pamoja na mengine niliyoyasoma baada ya Elia kuanguka, maana miezi ile sikulala.

Hapa hapa nchini kwetu, miaka ya sitini, alikuja daktari wa Kimarekani anaitwa George Mann, akawapima Wamasai. Mwaka 1964 akaandika kwamba amepima wanaume mia nne wanaoishi kwa maziwa na nyama, na lehemu, yaani kolesteroli, kwenye damu yao iko chini, wala haoni dalili za ugonjwa wa moyo kama za kwao Marekani. Watu wanaohubiri nyama na samli wanaipenda sana habari hiyo, na ni ya kweli. Wanachokiruka ni alichoandika 1972, baada ya kuchunguza mioyo ya wanaume hamsini waliofariki. Mishipa ilikuwa na utando wa mafuta ndani, karibu sawa na ya wazee wa Marekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikapita, na yeye alidhani upana ule unatokana na kutembea kwao kwingi. Kwa hiyo mafuta yaliacha alama hata kwa Mmasai. Sasa mimi na wewe, tunaokaa ofisi ya walimu tukisahihisha madaftari hadi saa kumi, mishipa yetu imepanuliwa na nini?

Kuna pia kazi ya kujumlisha majaribio iliyotoka 2020, majaribio kumi na tano yenye watu zaidi ya 50,000. Waliopunguza mafuta yanayoganda, yaani ya aina iliyojaa kwenye samli, siagi na mafuta ya nyama, kwa miaka miwili au zaidi, walipata matatizo ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 17 hivi. Vifo kwa jumla havikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Nakuandikia vyote viwili kwa sababu kila upande huchukua nusu yake na kukimbia. Faida ilionekana zaidi pale mafuta hayo yalipobadilishwa na ya mimea. Kwenye samli zaidi ya nusu ya mafuta ni yale yanayoganda. Kwenye alizeti ni kama sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana nyumbani kwangu alizeti ndiyo ya kupikia kila siku, na samli ni ya kuonja.

Kuhusu soseji wala sisiti. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama iliyosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka: gramu 50 kila siku, ambayo ni soseji moja tu, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Nyama nyekundu ya kawaida waliiweka kundi la chini yake, la vitu vinavyoelekea kusababisha. Kama nyama, nunua buchani, uione inakatwa.

Sasa hili la sukari yako, ambalo ndilo limekupa imani. Imeshuka, na sababu yake si muujiza. Ugali wa sembe ni wanga mtupu, na wanga tumboni huwa sukari. Ukila tonge chache badala ya bonge la sahani nzima, ni lazima mita ya kupimia sukari iseme kitu. Hapo huyo mwalimu wa simu amesema kweli, na wengi wetu tungefaa kumsikiliza kwa hilo. Lakini umeniambia kwamba pamoja na metformini unameza kile kidogo cha glibenklamaidi. Hicho kinaisukuma kongosho kutoa insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, hata kama hukula wanga. Ukiendelea na kipimo kile kile huku umekata ugali, sukari inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kuona giza, kuzimia. Kwa hiyo inawezekana kabisa dawa zako zinatakiwa kupunguzwa, na hili ndilo la haraka kuliko yote. Anayepunguza ni daktari wako wa kliniki, mita ikiwa mezani. Mwambie bila aibu unachokula. Na vya presha uendelee navyo. Kama uzito ulioupunguza umeishusha presha, ataiona mwenyewe na atakupunguzia.

Mwombe pia akupime lehemu sasa, halafu tena baada ya miezi mitatu. Kuna watu wakila samli na nyama namna hiyo lehemu mbaya inapanda sana, na wengine haipandi. Kwa kujitazama kwenye kioo hutajua uko upande gani.

Nikisimama mlangoni kwangu naona ile mbuga waliyoichana Waingereza kwa ajili ya mafuta. Wanafunzi huwa hawaamini nikiwasimulia. Baada ya vita vya pili Uingereza haikuwa na mafuta ya kula, ya kupakwa kwenye mkate yalikuwa ya mgao, wakaja hapa Kongwa 1947 na matrekta kulima karanga za kutengenezea majarini. Mibuyu ikawashinda, udongo ukakauka kama saruji, mvua ikakataa, na 1951 wakaachana nayo baada ya kuzamisha pauni milioni 36 hivi. Miaka hiyo taifa lao zima lilikuwa na njaa ya mafuta. Na majarini zile ngumu za kiwandani, mafuta ya mimea yaliyogandishwa kwa haidrojeni, ndizo zilizokuja kuonekana baadaye kwamba ni mbaya kwa moyo kuliko siagi yenyewe. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likataka mafuta ya aina hiyo yaondolewe duniani kote ifikapo 2023. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama mafuta ya asili yana nafuu, nauliza yanalinganishwa na nini. Kuliko yale ya kugandishwa, au yale meusi ya kibanda cha chipsi yaliyochemka tangu Jumatatu, ndiyo, yana nafuu kubwa.

Kuna kitu kingine kinaniuma nikisikia mjini mnabishana nyama iachwe au iliwe asubuhi na jioni. Huku kuna watoto wanaokula ugali na mlenda Januari hadi Desemba. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliona watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto wa namna hiyo ukimpa ini mara moja kwa wiki, yai, kikombe cha maziwa yaliyochemshwa, na kijiko cha mafuta kwenye mboga ili vitamini A iliyomo ipate cha kuibeba, unamwona anabadilika macho. Madini ya chuma ya kwenye nyama mwili huyachukua kirahisi kuliko ya kwenye majani, na vitamini B12 haimo kwenye mlenda hata ule sufuria nzima. Kwa huyo, nyama na mafuta ni dawa. Jirani yangu ana mbuzi kumi na wanne na mtoto aliyevimba miguu. Nilimsihi achinje mmoja. Alinisikia, namshukuru Mungu.

Wewe si mtoto huyo. Wewe una miaka 52, una sukari na presha, na una mama wa kutunza. Kula nyama yako, mwenzangu, kipande cha kiganja, uiondoe ule ukanda mnene wa mafuta, uichemshe au uichome bila kuiunguza. Chumvi isizidi kijiko cha chai kwa siku nzima, na humo hesabu na ya mchuzi. Maharage na kunde virudishe mezani, najua umevitupa pamoja na ugali, havikustahili. Na jioni tembea, hata kama ni kuzunguka uwanja wa shule mara sita.

Mdogo wangu anasafiri Jumamosi kwa treni ya umeme kutoka Dodoma. Nimempa lita tano za alizeti ya msimu huu, na kopo la nusu lita la samli niliyoipika mwenyewe. Mama ataikumbuka harufu yake. Ikufikishe mpaka Krismasi.

Kliniki yako ni Jumanne, ulivyosema. Niandikie jioni ile ile, uniambie ameandika nini kwenye kadi.

Nakupenda sana,
Mama Daudi